Roboti Kwenye Chumba cha Upasuaji, na Mkono Unaoiongoza

Hotuba kwa wanafunzi wa afya na wananchi, Dodoma

Mbukwenyi!

Wauguzi, mafundi wa vifaa tiba, walimu, vijana wanafunzi, na wazee wetu mliotoka Bahi, Chamwino na Kongwa, asanteni kwa kuacha shughuli zenu jioni hii. Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa roboti, na nimeombwa pia nisizidishe lugha ya kidaktari. Nikiteleza, nyoosheni mkono, msinionee haya.

Niondoe kwanza hofu ninayoisikia kwenye mabenchi ya kliniki. Mtu akisikia "roboti inapasua", picha inayomjia ni ya chuma kinachomkata mgonjwa huku daktari kaenda kunywa chai. Katika upasuaji wa tumbo, kifua au sehemu laini za ndani ya nyonga unaofanywa hospitalini leo, hakuna kitu cha namna hiyo. Daktari akiacha vishikio, mashine inasimama. Akiondoa tu uso wake kwenye dirisha la kutazamia, mikono ya chuma inajifunga palepale ilipo na haisogei hata unywele. Haijui mgonjwa anaumwa nini, na wala haijui kama iliyoshika ni mshipa wa damu au utumbo. Anayejua ni binadamu aliyekaa kwenye kiti.

Lakini kama haijui chochote, ina faida gani? Hapo lazima turudi nyuma kidogo, kwenye upasuaji wa matundu madogo.

Zamani ukiwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo ulifunguliwa chini ya mbavu kwa mkato mrefu, ukalala wodini siku kadhaa, ukarudi nyumbani umejishika ubavu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wakaanza kupitisha kamera na vifaa vyembamba kwenye matundu matatu au manne, kila moja la nusu sentimita hadi sentimita moja. Tumbo linajazwa hewa ukaa ili ukuta wake uinuke na kamera ipate nafasi. Kwa mgonjwa ni nafuu kubwa: maumivu kidogo, kidonda kidogo, kazini mapema.

Anayepata tabu ni daktari. Mama zangu, chukueni sufuria ya ugali, ifunikeni, toboeni kifuniko, pitisheni mwiko kwenye lile tundu, halafu songeni. Ukisukuma mkono kulia, ncha ya mwiko inakwenda kushoto. Ukiinua mkono, ncha inazama. Na mwiko hauna kiwiko wala kifundo, haupindi. Juu ya hayo, unatazama luninga yenye picha bapa, na mtu mwingine ndiye ameshika kamera, tena saa ya pili amechoka na picha inatetemeka. Katika hali hiyo unatakiwa ushone njia ya mkojo iliyo ndani kabisa ya nyonga kwa uzi mwembamba. Wapo wanaoweza, na nawavulia kofia. Lakini inachukua miaka.

Roboti ilitengenezwa kutatua tabu hiyo. Daktari anakaa kwenye kiti mita chache kutoka kwa mgonjwa, uso umeegemea dirisha la kutazamia, vidole vimo kwenye vishikio, miguu iko kwenye pedali. Kamera ina macho mawili, na kila jicho la daktari linapewa picha yake, kwa hiyo anaona kina, anaona kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma, na anaweza kukuza picha hadi mara kumi hivi. Kando ya kitanda kuna mnara wenye mikono mitatu au minne. Mmoja umeshika kamera, na hautetemeki hata upasuaji ukienda saa tano.

Katikati ya daktari na mikono hiyo kuna kompyuta, na kazi yake ni hesabu. Inasoma mwendo wa vidole mara nyingi kwa kila sekunde, inaugeuza ule ukinyume wa mwiko, inachuja mtetemeko, na inapunguza ukubwa wa mwendo: mkono wa daktari ukisogea sentimita tatu, ncha ya kifaa inaweza kupangwa isogee sentimita moja tu. Kisha ile ncha ina kifundo. Inapinda, inazunguka, inafunga na kufungua, kwa nyaya nyembamba zinazovutwa na mota. Anayeshona ndani ya nyonga sasa anashona kama mikono yake yenyewe imeingia humo.

Kuna jambo moja mafundi wenzangu hulipenda na watu wengine hawalioni. Mkono wa roboti unavyozungukazunguka kote huko, sehemu moja haihami kabisa: pale kifaa kinapopita kwenye ngozi. Mashine imeundwa na kupimwa ili kila mwendo uegemee nukta hiyo. Ikikosea sentimita chache, inachana ukuta wa tumbo. Wageni wakitembelea chumba hupiga picha ya luninga. Mimi huangalia ile nukta.

Kilichopotea ni hisia ya mguso. Kwa miaka zaidi ya ishirini, daktari wa roboti kwa kawaida hakuhisi chochote kwenye vidole. Alijifunza kusoma nguvu kwa macho: uzi umekaza kiasi gani, nyama imeanza kuwa nyeupe au bado. Toleo jipya la da Vinci, mashine inayoongoza duniani, lililoidhinishwa Marekani Machi 2024, lina vifaa vinavyorudisha sehemu ya hisia hiyo. Wakongwe wengine wanasema hawaihitaji. Wanaoanza leo nadhani hawatakubali kuikosa.

Nilisema daktari anakaa mita chache mbali. Msidhani mgonjwa ameachwa. Kando ya kitanda yupo daktari msaidizi anayebadilisha vifaa na kunyonya damu, yupo nesi wa upasuaji, na yupo mtu ambaye hotuba za roboti humsahau, mtaalamu wa usingizi. Kwa upasuaji wa tezi dume mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini na miguu juu, kwa saa kadhaa, tumbo limejaa hewa, mapafu yamebanwa. Mikono ya chuma ikishafungwa kwenye matundu, mgonjwa hatakiwi kukohoa wala kujisogeza, maana vifaa vimo ndani yake na kwa kawaida kitanda hakifuati. Nusu kaputi ya aina hiyo haifanywi na mtu wa kubahatisha. Mshipa mkubwa ukipasuka, timu inatakiwa iondoe mikono, iisukume mashine pembeni, na ifungue tumbo kwa njia ya zamani, yote kwa dakika chache. Timu nzuri hulifanyia mazoezi jambo hilo bila mgonjwa, mpaka kila mmoja ajue asimame wapi.

Sasa historia, kwa ufupi. Mwaka 1985 huko California, mkono wa roboti wa kiwandani ulioitwa PUMA ulitumika kuelekeza sindano ya kuchukua kipande cha ubongo. Mwaka 1992 ikaja ROBODOC, iliyochonga mfupa wa paja kuandaa nafasi ya nyonga bandia. Hiyo ilichonga yenyewe kwa ramani iliyopangwa kabla. Iliwezekana kwa sababu mfupa ukishabanwa hautikisiki na haubadiliki umbo. Nyama laini inahama kila ukiigusa, na mgonjwa anapumua. Tofauti hiyo ya mfupa na nyama bado inatutawala mpaka leo.

Wakati huohuo jeshi la Marekani lilikuwa linagharamia utafiti wa namna daktari atakavyoweza kumpasua askari akiwa mbali na uwanja wa vita. Vita havikuitumia, hospitali ndizo zilizoichukua. Kampuni ya Intuitive Surgical ilianzishwa mwaka 1995, na da Vinci yake ikaidhinishwa kwa upasuaji Marekani mwaka 2000. Mwaka 2024 pekee mashine zake zilitumika katika upasuaji zaidi ya milioni 2.5 duniani.

Lile wazo la mbali halikufa. Tarehe 7 Septemba 2001, daktari Mfaransa Jacques Marescaux alikaa New York akamtoa mfuko wa nyongo mwanamke aliyelala Strasbourg, Ufaransa, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ishara zilichelewa kama milisekunde 155, yaani chini ya moja ya tano ya sekunde. Siku nne baadaye New York ikawa na habari nyingine, na dunia ikasahau. Marescaux hakusahau. Taasisi aliyoianzisha Strasbourg ya kufundisha upasuaji wa matundu madogo na roboti ilifungua tawi Kigali Oktoba 2023. Kigali, ndugu zangu. Ukivuka mpaka wa Rusumo uko njiani.

Nije kwenye sehemu ambayo wauza mashine hawaipendi. Je, mgonjwa anapona vizuri zaidi?

Ukilinganisha roboti na kufungua tumbo, damu inayopotea ni kidogo na siku za wodini ni chache. Hilo halina ubishi mkubwa. Lakini faida hiyo kwa sehemu kubwa ni ya matundu madogo yenyewe. Ukilinganisha roboti na matundu madogo ya kawaida mkononi mwa daktari aliyeiva, pengo linapungua sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 471 wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kutoka nchi kadhaa, ulitazama ni mara ngapi daktari alilazimika kuacha matundu na kufungua tumbo. Roboti haikuonekana kupunguza hilo kwa kiasi cha kuaminika. Kwa tezi dume, watafiti wa Brisbane, Australia, walitoa majibu mwaka 2016: wanaume waliofunguliwa na waliofanyiwa kwa roboti walikuwa karibu sawa katika kuzuia mkojo na katika nguvu za kiume, miezi mitatu baadaye.

Na mwaka 2018 ukaja utafiti ulionyamazisha mikutano mingi. Ulihusu saratani ya mlango wa kizazi ikiwa bado changa, kwa wanawake 631. Baada ya miaka minne na nusu, waliofunguliwa tumbo asilimia 96.5 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Waliofanyiwa kwa matundu madogo, wengi bila roboti na wachache kwa roboti, walikuwa asilimia 86. Kila mtu alitegemea kinyume chake. Ndugu zangu, hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mashine ya gharama kubwa, mkato mdogo, kovu la kupendeza, na ugonjwa unarudi zaidi. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kutumia roboti kwa saratani za wanawake. Kwa hiyo mtu akikwambia "ya roboti ndiyo bora", muulize bora kwa ugonjwa gani.

Bei nayo tuiseme. Mashine moja ya daraja la juu huenda dola milioni 2 au zaidi, yaani shilingi bilioni kadhaa. Kisha kuna malipo ya matengenezo kila mwaka, na kuna vifaa vya ncha. Kila kifaa kina kihesabio ndani yake. Kikishatumika mara kumi, kumi na mbili, kumi na nane, kutegemea aina yake, mashine inakikataa hata kama bado kinakata vizuri. Fundi wetu hapa Dodoma, mwenye mikono ya kutengeneza chochote kile, hataruhusiwa kukigusa. Hilo linaniudhi, na sioni sababu ya kulificha.

Ushindani umeanza kuleta unafuu. Waingereza wa Cambridge wana Versius, yenye mikono inayosukumwa mmoja mmoja mpaka kitandani. Medtronic, kampuni ya vifaa tiba, wana Hugo. Wachina wana Toumai, na India wana SSI Mantra, ambayo waliitengeneza kwa makusudi iwe rahisi kununulika. Juni 2025 daktari Vipul Patel, akiwa Orlando, Florida, alimfanyia upasuaji wa tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola, kwa kutumia Toumai. Timu kamili ilikuwa Luanda kando ya mgonjwa, tayari kushika kazi.

Upande wa mashine kujiendesha, mambo yanakwenda, ila taratibu kuliko vichwa vya habari. Mwaka 2022 roboti ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilishona utumbo wa nguruwe hai ikiwa inapanga mishono yenyewe, binadamu akisimamia. Mwaka 2025 watafiti wa hapohapo walionyesha nyingine iliyojifunza kwa kutazama video za madaktari, ikafunga na kukata njia za mfuko wa nyongo bila mtu kuishika. Lakini zile zilikuwa nyongo za nguruwe zilizokwishatolewa mwilini. Hazitoi damu wala hazipumui. Kutoka hapo mpaka kwa mama wa Kibaigwa mwenye mafuta tumboni na makovu ya upasuaji wa zamani ni mbali.

Kwetu Kanda ya Kati je? Nitasema ninavyoona mimi, mwenye kupinga atapinga. Kitakachotangulia kutufaa ni jicho la roboti. Mkono utafuata.

Nina maana hii. Daktari aliyeko Singida au Kondoa akiwa na mashine ya kawaida ya matundu madogo, picha iliyoko kwenye luninga yake inaweza kuonekana hapa Dodoma na mtu mwenye uzoefu, akamwambia, "Simama, huo si mshipa wa nyongo, vuta juu kidogo, sasa angalia." Daktari yuleyule amshike mgonjwa wake, mkongwe amshike kwa sauti. Kila upasuaji ukirekodiwa, vijana wanatazama, wanakosoa, wanajifunza. Gharama yake haiwi hata chembe ya roboti moja.

Na njia ya kupitisha picha tunayo. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 450, kwa hiyo kwenda na kurudi haifiki milisekunde tano. Mkongo wa Taifa unapita hapa. Kinachochelewesha ni vifaa vya kubana na kufungua picha, na foleni ya mtandao. Kinachokata kabisa ni kingine: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima ilionja. Nyaya za ndani nazo zina adui wake, katapila, na Dodoma hii inachimbwa kila kona. Mtu anayeelekezwa kwa picha, mtandao ukikatika, anaendelea mwenyewe kwa sababu mikono ni yake. Mgonjwa ambaye mikono inayomshona iko bara jingine yuko kwenye hali nyingine kabisa.

Watu wetu wanaweza. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2018, wataalamu wa Kijapani walisimama pamoja na wetu mezani, na wetu wakajifunza kazi. Hata kabla ya hapo, kwa miongo mingi hospitali zetu za wilaya zimetegemea madaktari wasaidizi, wasio na shahada ya udaktari, kuwafanyia akina mama upasuaji wa kujifungua. Hatukungoja kila kitu kikamilike. Ila roboti ikija, na itakuja, ningependa ije mahali pamoja kwanza, yenye mkataba wa matengenezo na mafundi wetu wamefundishwa, na yenye kazi ya kutosha kila wiki. Timu inayoitumia mara moja kwa mwezi haiivi, na mashine inageuka ya kuonyesha wageni.

Naona karatasi za maswali zimefika.

Mzee mmoja anauliza: kijana wake ameona tangazo la hospitali ya nje, wanasema roboti haina makosa, auze ng'ombe akapasuliwe tezi dume huko? Baba, usiuze kwanza. Muulize daktari wa huko yeye mwenyewe amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, siyo hospitali imefanya ngapi. Muulize wangapi iliwabidi wafunguliwe katikati. Muulize ukirudi nyumbani mkojo ukakataa kutoka, ni nani atakayekuona. Kisha njoo na majibu, tukae na daktari wako wa hapa. Inawezekana upasuaji huohuo unafanyika Dodoma au Muhimbili bila roboti na matokeo yakawa yaleyale.

Dada muuguzi anauliza umeme ukikatika. Mashine ina betri ya akiba ya dakika chache, na chumba cha upasuaji lazima kiwe na jenereta linalowaka lenyewe. Zile dakika chache ni za kuamua, siyo za kumalizia kazi. Hapo ndipo mazoezi ya kuondoa mikono yanapolipa.

Swali la mwisho ni la mwanafunzi wa udaktari anayetaka kuwa daktari wa roboti, aanzie wapi na chuoni hakuna roboti. Mwanangu, tafuta boksi la katoni. Toboa matundu mawili ya vifaa, weka simu juu yake kamera ikitazama ndani kupitia tundu la tatu, na taa ndogo humo. Omba vifaa vya matundu madogo vilivyostaafu, wodi ya upasuaji haikosi. Weka maharage kwenye kisosi kimoja, uyahamishe moja moja kwenda kingine ukitazama simu tu, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ukiweza hivyo bila kudondosha, anza kufunga fundo la uzi kwenye kipande cha sifongo. Madaktari bingwa wa nchi tajiri nao wanaanzia kwenye masanduku ya mazoezi, tofauti yao ni kwamba ya kwao yamenunuliwa. Ukishafunga fundo lisilolegea, nitafute, nitakuombea nafasi ya kushika kamera.